Uyoga wa Chanika na Umaskini wa Kamusi Zetu

Kuna msemo uliokwisha kuzoeleka katika magazeti yetu na katika vinywa vya wasemaji wa mikutano. Kitu kikizuka kwa wingi na kwa ghafula, husemwa kuwa kimeota kama uyoga. Maduka huota kama uyoga, vyama huota kama uyoga, na shule zisizo na walimu huota kama uyoga. Msemo huu ni lawama. Maana yake ni kuwa kitu hicho hakina asili, hakina mizizi, wala hakikumgharimu mtu kazi yoyote. Wausemao hawakupata kuutazama uyoga. Ule uonekanao asubuhi moja baada ya mvua ni tunda tu la kiumbe kilichokuwa kikiishi ardhini kwa miaka, kikitandaza nyuzi zake, nyembamba kuliko unywele, katika udongo, katika mizizi ya miti na katika vichuguu. Kinachotokea ghafula ni macho yetu kuuona.

Dharau ya kitu huzaa dharau ya wale wakijuao. Mtu aaminiye kuwa uyoga hauna asili hawezi kuamini kuwa kuna elimu ya uyoga, na asiyeamini kuwa kuna elimu hiyo hawezi kumwita mwanamke mwenye ungo wa uyoga mwalimu. Katika insha hii nataka kuonyesha kuwa dharau hiyo ni kosa la elimu, na ya kuwa sehemu kubwa ya kosa hilo ni yetu sisi tunaojiita wanazuoni wa Kiswahili. Serikali ina makosa yake, na wafanyabiashara wana yao. Lakini kazi ya kutunza majina ya vitu ilikabidhiwa kwetu, nasi hatukuifanya.

Nachukua Chanika kuwa mfano wangu. Chanika ndiyo Handeni mjini, katika Mkoa wa Tanga, kitovu cha nchi ya Wazigua. Ukishuka upande wa kaskazini utafika Korogwe na bonde la mto Pangani, mahali ambapo mkonge ulichukua nafasi ya misitu mingi. Lakini pande za Handeni bado una miombo, vichaka na vichuguu. Mvua zake ni za vuli na za masika, nazo ni mvua za mashaka: mwaka huu huja, mwaka ujao hukawia. Zinyeshapo mvua za kwanza baada ya kiangazi, mkulima huwa katika siku ngumu kuliko zote. Ghala limepungua, maharage yamekwisha, na mboga za shambani hazijaota. Kazi ya jembe ni nzito na kitoweo hakuna. Ndipo uyoga hujitokeza. Hauhitaji mbegu wala mbolea, wala haumngojei mtu alipe deni la duka kwanza. Huja katika wiki zile zile ambazo chakula kingine hakijaja. Watu waliojaliwa kitoweo cha namna hiyo katika siku za namna hiyo walikuwa na sababu ya kukisoma vizuri, nao walikisoma.

Tazama namna mchumaji afanyavyo kazi yake. Hatazami uyoga peke yake. Kwanza hutazama mahali ulipoota. Je, umetoka katika kichuguu, au chini ya miti, au juu ya gogo bovu, au katika majani ya uwanjani? Kisha hutazama kofia: rangi yake, magamba yake, ukingo wake. Hugeuza kofia na kutazama matamvua yaliyo chini. Hutazama shina, kama lina pete au halina. Huchimba kwa ncha ya kijiti aone kama shina limekaa katika mfuko, au kama linaendelea chini kama mzizi mrefu mpaka ndani ya kichuguu. Huuvunja aone kama unatoa utomvu mweupe au kama nyama yake inabadilika rangi. Huunusa. Baada ya hayo yote, ambayo kwake ni kazi ya kufumba na kufumbua, hutamka jina. Jina hilo ni hukumu iliyokwisha kukatwa. Ndani yake mna mahali, msimu, rangi, harufu, namna ya kupika, na pengine kumbukumbu ya mtu aliyekufa. Mtoto afuataye nyuma ya mama yake hujifunza jina na hukumu kwa pamoja.

Sasa linganisha elimu hiyo na ile itolewayo na wengi katika wasomi wetu. Elimu ya wasomi hao ni ya maneno manne: msile uyoga wa porini. Haisemi uyoga upi, wala kwa nini, wala mtu afanye nini na njaa ya mwezi wa kwanza wa mvua. Wala sisemi kuwa onyo halina sababu. Sumu ya uyoga ni jambo la kweli na la kutisha. Uko uyoga uitwao na wataalamu Amanita phalloides, wenye asili ya Ulaya, ambao umekwisha kuingia Afrika pamoja na miti ya kigeni. Aulaye hahisi kitu kwa saa nyingi, mara nyingi saa 6 hadi 12 au zaidi. Kisha hutapika na kuharisha. Kisha huonekana kama aliyepona, na nyumba hushukuru. Na katika kimya hicho ini lake linaharibika. Sumu yake haitoki kwa kuchemsha wala kwa kukausha. Tena uko uyoga mweupe mkubwa wenye magamba, uotao katika majani ya viwanjani, ambao hufanana na uyoga mwema. Matamvua yake ukikomaa huingia rangi ya kijani, na mwenye kuula hutapika vibaya sana baada ya muda mfupi. Mambo haya si hadithi za kutishia watoto.

Lakini dawa ya hatari hii ni ipi? Hebu twende pwani tukaulize. Baharini yuko samaki aitwaye bunju. Sumu yake huua, wala moto wa jiko hauiondoi. Je, kuna mzee yeyote wa Pangani au wa Tanga aliyepata kuwaambia wanawe wasile samaki? Angechekwa mpaka kufa kwake. Aliwafundisha kuwa huyu ni bunju, na yule ni changu, na hawa ni pono, tasi, kolekole, nguru, jodari na kibua. Hakuwakinga kwa kuwanyima bahari. Aliwakinga kwa kuwapa majina. Mtu ajuaye jina la bunju hamli bunju, na asiyelijua hawezi kuokolewa na onyo la jumla, kwa sababu siku ya njaa onyo la jumla husahauliwa. Kwa nini basi hekima tuikubaliyo ufukoni tuikatae msituni? Mvuvi tunamwita fundi. Mchuma uyoga tunamwita mtu wa kubahatisha.

Watu wengine hujitetea kwa kusema kuwa wenyeji nao wana vipimo vya uongo. Husikika wakisema kuwa uyoga ulioliwa na wadudu ni salama, au kuwa kijiko cha fedha hugeuka rangi kikikutana na sumu. Ni kweli kwamba vipimo hivyo ni vya uongo, na vimepata kuua watu katika nchi nyingi. Lakini vichunguze vizuri. Vyote ni vya namna moja: hutaka kanuni moja ya kupima uyoga wote bila ya kuujua uyoga wowote. Ni vipimo vya mtu aliyekwisha kupoteza majina. Mchumaji wa kweli hana haja ya kijiko cha fedha, kama vile mvuvi asivyokuwa na haja nacho. Kwa hiyo vipimo vya uongo si hoja dhidi ya elimu ya majina; ni ushahidi wa yanayotokea elimu hiyo inapokwisha.

Inafaa tujiulize hofu yetu ya uyoga ilitoka wapi. Mwaka 1957 Valentina na Gordon Wasson, mume na mke, yeye mke akiwa mzaliwa wa Urusi na mume Mmarekani, walichapisha kitabu kikubwa juu ya uyoga na historia. Waliyagawa mataifa katika makundi mawili: yale yaupendayo uyoga na yale yauogopayo. Warusi waliwekwa katika kundi la kwanza, na Waingereza katika la pili. Msomaji na akumbuke ni taifa gani katika hayo mawili lililotuandikia vitabu vya shule. Tulipopokea elimu ya viumbe kutoka kwa Waingereza tulipokea na woga wao, na kwa kuwa woga huo ulikuja katika sanduku moja na sayansi, tukaudhani kuwa ni sayansi. Nchi nyingine zenye sayansi isiyo na upungufu zilikwenda njia nyingine. Ufaransa imekuwa desturi ya siku nyingi kumpelekea mwenye duka la dawa kapu la uyoga ili alichambue, kwa sababu naye amefunzwa kazi hiyo. Finland ina washauri wa uyoga waliofundishwa, nao huwafundisha wachumaji kuutambua uyoga wa kuuza, aina kwa aina. Nchi hizo hazikuwaambia watu waache msitu. Ziliyachukua majina, zikayaandika na kuyafundisha.

Kwa hiyo si ajabu kwamba waliovuka bahari kuja kuuliza majina ya uyoga wetu walikuwa Wafini. Marja Härkönen na Tuomo Niemelä, wakishirikiana na Leonard Mwasumbi, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha Helsinki mwaka 2003 kitabu kizima juu ya uyoga wa Tanzania, ule uliwao na ule udhuruo. Kabla yao, mwaka 1977, David Pegler wa bustani ya Kew alikwisha kuchapisha kitabu cha awali cha uyoga wa Afrika ya Mashariki. Katika Chuo Kikuu hicho hicho cha Dar es Salaam, Donatha Tibuhwa aliandika mwaka 2012 juu ya namna jamii zikaazo kandokando ya Serengeti na Ngorongoro zinavyoupanga na kuutumia uyoga, na mwaka 2013 akaandika juu ya uyoga wa porini kuwa chakula chenye afya na pato kwa watu wa vijijini. Kazi hizi ni za kusifiwa. Walioziandika walikwenda kwa watu, wakauliza, wakasikiliza. Lakini zimeandikwa kwa Kiingereza, ili zisomwe na wenzao wa fani hiyo ulimwenguni, nao walikuwa na haki ya kufanya hivyo. Kazi ya kuandika kwa Kiswahili haikuwa yao. Ilikuwa ya nani?

Upande wa sayansi haukuona haya kujifunza kutoka kwa mchumaji. Mwaka 1980 Pegler na Piearce walipoueleza uyoga mmoja wa miombo ya Zambia, utoao utomvu kama maziwa, waliuita Lactarius kabansus; na neno hilo la pili walilitwaa kutoka jina la wenyeji, kabansa. Hivyo neno la vijijini limekaa leo katika orodha za wataalamu wa dunia nzima, likiwa limevaa mwisho wa Kilatini. Mtaalamu wa Kew aliona kuwa jina la mchumaji linastahili kuingia katika Kilatini. Sisi bado tunabishana kama majina ya namna hiyo yanastahili kuingia katika Kiswahili.

Hapa ndipo penye kiini cha shauri langu. Kiswahili Sanifu kina tarehe ya kuzaliwa. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wake, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Sina ugomvi na uchaguzi huo. Lakini kila msingi huja na mandhari yake. Unguja ni kisiwa cha bahari, wala si nchi ya miombo. Lugha iliyochukuliwa hapo ilikuja na utajiri wa majina ya samaki, ya sehemu za jahazi, ya pepo na ya mawimbi. Haikuja na majina ya uyoga wa miombo, kwa kuwa watu wa mahali pale hawakuwa na haja nayo. Hilo halikuwa kosa la Waunguja. Kosa ni letu tuliopewa lugha ya pwani tuitumie katika nchi yenye bara kubwa, tukaacha bara libaki bila majina. Mtoto wa Chanika aingiapo darasani hukuta kuwa vitu vyote alivyofundishwa na bibi yake, kila kimoja kwa jina lake, vimefanywa kitu kimoja: uyoga. Ni kana kwamba mtoto wa Pangani angeingia darasani akaambiwa kuwa changu, nguru na bunju ni samaki tu, na tofauti zao ni mambo ya kabila.

Najua jibu litakalotolewa. Patasemwa kuwa majina hayo ni ya Kizigua, na ya kuwa kuyaingiza katika kamusi ni kuichafua lugha ya taifa kwa maneno ya makabila. Jibu hili lina sauti ya ulinzi, lakini halina ukweli. Neno Ikulu, tulitamkalo kwa heshima kubwa, limetoka kwa Wanyamwezi na Wasukuma. Neno ngeli, ambalo mwanafunzi wa sarufi hawezi kupita siku bila ya kulitumia, limetoka kwa Wahaya. Hata neno kitivo, liandikwalo juu ya milango ya vyuo vyetu, lilichukuliwa kutoka lugha za milimani zilizo jirani za Kizigua. Kama Kizigua chenyewe hakikubaliwi kutoa jina la kitu kiotacho Uzigua, basi na tuseme wazi kwamba tunakopa kwa makabila tunapotaka kujipamba, na tunawafungia mlango wanapotaka kutuokoa na sumu.

Tena yafaa tusiwe wepesi wa kusahihisha. Katika mazungumzo, na hata katika maandishi, uyoga huhesabiwa kuwa mmea. Si mmea. Mwaka 1969 Whittaker aliwapa kuvu na uyoga himaya yao wenyewe, mbali na mimea na mbali na wanyama, kwa kuwa hawajilishi kwa jua kama mimea wala hawamezi chakula kama wanyama. Mchumaji hajui habari za Whittaker. Lakini autenganishapo uyoga wa kichuguuni na uyoga wa chini ya miti, hushika kweli mbili ambazo elimu ya vitabuni ilizifikia kwa safari ndefu. Ule wa kichuguuni unalimwa na mchwa. Mchwa hukusanya majani na miti, huvitafuna, na juu ya mavi yao huotesha kuvu katika vyumba vya chini ya ardhi, nayo huwasagia chakula chao. Wakulima hao ni wa zamani kuliko binadamu yeyote. Katika bonde la Rukwa, hapa hapa Tanzania, yamepatikana mabaki ya bustani zao yaliyogeuka mawe, nayo yana umri wa miaka milioni 25; habari hizo zilichapishwa mwaka 2016. Ule wa chini ya miti nao una ndoa na miombo: nyuzi zake huivika mizizi ya mti, huupa maji na chumvi za udongo, nao mti huulipa kwa sukari. Ukiukata mti umeukata na uyoga. Hii ndiyo maana mchumaji huuliza kwanza mahali.

Mfanyabiashara naye atasema kuwa yote haya hayana haja, kwa kuwa sasa uyoga hulimwa bandani, juu ya majani makavu na mabaki ya mazao. Ukulima huo ni mwema, na namtakia kila la heri mwenye banda. Lakini uyoga unaokubali banda ni ule ulao majani yaliyokufa. Ule wa mchwa hutaka mchwa wake, na ule wa miombo hutaka mizizi hai. Mpaka leo biashara haijaweza kuwafuga hao kama ifugavyo wale. Kusema kuwa banda litachukua nafasi ya msitu ni sawa na kusema kuwa kibanda cha kuku kitachukua nafasi ya kanga, kwale na ndege wote.

Na msitu wenyewe unaondoka. Handeni ni miongoni mwa wilaya ambazo kwa miaka mingi zimelisha majiko ya mijini kwa mkaa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliwapa wanakijiji uwezo wa kutenga msitu wao na kuusimamia, nayo ni sheria njema. Lakini angalia namna hesabu ifanywavyo. Mbao zina kipimo, mkaa una gunia, asali ina ndoo. Uyoga, kwa kuwa katika lugha ya ofisi hauna majina, hauna kipimo wala bei, na kisicho na bei huonekana kuwa hakikuwapo. Siku mti ukatwapo, mtu hulipwa thamani ya gunia. Aina za uyoga zilizokuwa zikiishi katika mizizi ya mti huo hazitajwi. Kwanza hupotea uyoga, kisha mtoto asiyeuona hulipoteza jina, kisha siku moja miti ikirudi na uyoga ukarudi, hapana ajuaye upi ni upi. Hapo ndipo patakapozikwa watu, na ofisi itasema tena: msile uyoga wa porini.

Wapo watakaodhani kuwa natia chumvi, na ya kuwa majina hufa kwa kawaida, wala hapana wa kuyazuia. Historia ya Uzigua inawakanusha. Katika karne ya 19 njaa kali iliwatoa Wazigua wengi nchini mwao, wakapakiwa majahazini na kuuzwa Somalia. Huko walikaa vizazi kwa vizazi kando ya mto Juba, utumwani na baada ya utumwa, bila ya shule ya lugha yao, wala kamusi, wala Kamati. Vita vilipoivunja Somalia mwaka 1991 wajukuu wao walikimbilia Tanzania. Wengi wakafika Handeni, wakapewa makao mwishowe Chogo, na serikali ikawapa wengi wao uraia. Walikuja wakisema Kizigua. Watu waliouzwa kama bidhaa walitunza lugha kwa zaidi ya miaka 150 kwa kinywa peke yake. Sisi tulio huru, wenye vyuo, wachapaji na mashine za kila namna, tutatoa udhuru gani kwa kupoteza majina katika kizazi kimoja?

Nisije nikadhaniwa kuwa nasifu ya kale bila mpaka, naongeza neno. Elimu ya mchumaji nayo ina ukingo. Imejengwa juu ya uyoga wa nchi yake. Uyoga wa kigeni ukiingia na miti ya kigeni, hauna jina katika kinywa chake, na huenda akaufananisha na mwema aujuaye. Hapo yeye ndiye mwenye haja ya Chuo Kikuu. Lakini nani atamwamini mtu aliyemdharau mpaka jana? Mwalimu ataweza kumwambia mchumaji jambo jipya siku atakapokuwa amekwisha kumsikiliza katika yale ya zamani.

Basi kazi yenyewe ni hii, wala si kubwa kushinda nguvu zetu. Wanafunzi wa Kiswahili waende Chanika na vijiji vyake katika wiki za kwanza za vuli na za masika, pamoja na wenzao wa elimu ya viumbe. Wasikusanye majina matupu. Jina lisiloambatana na uyoga wenyewe ni hatari kuliko kutokuwa na jina. Kila jina liandikwe pamoja na mahali, mti, siku, picha na uyoga uliokaushwa na kuhifadhiwa chuoni ili mtaalamu athibitishe. Jina la mchumaji, akiridhia, liwekwe mbele kama liwekwavyo jina la mwandishi, naye alipwe siku zake kama alipwavyo mwalimu. Waandike majina ya wenye sumu kwa uangalifu kuliko ya wema. Kisha kamusi iyapokee, na mabango ya zahanati yaache kusema uyoga wa porini, yaseme huu na huu, kwa jina na kwa sura. Wala asitokee mtu akadhani kuwa akishika orodha hiyo mkononi amekuwa mchumaji. Kitabu hakichumi uyoga. Kazi ya kitabu ni kumpa mchumaji heshima yake na kumpa mtoto sababu ya kumfuata.

Kila mwanafunzi wa historia ya mkoa huu hufundishwa kuwa mwaka 1893 Richard Hindorf alileta mkonge, na ya kuwa katika miche 1,000 iliyotoka Florida ni 62 tu iliyofika hai. Idadi hiyo tunaijua sawasawa, kwa sababu mtu mmoja aliona kuwa miche ile ina thamani akaihesabu. Majina ya uyoga wa Chanika hayajapata kuhesabiwa namna hiyo darasani. Mvua zijazo zitakaponyesha, wanawake watakwenda tena msituni alfajiri, watageuza kofia, watatazama shina, watatamka majina. Nawauliza wanafunzi na walimu wanaosoma kurasa hizi: nani kati yetu atakuwapo kuyaandika?